Shanga na Sura: Mapambo ya Wanawake katika Picha za Joy Adamson wa Isiolo

Utangulizi

Katika historia ya uchoraji wa Ulaya, jina la Gustav Klimt (1862–1918) wa Vienna limefungamana na sura ya mwanamke aliyepambwa. Picha zake mashuhuri, kama ile ya Adele Bloch-Bauer ya mwaka 1907, humwonyesha mwanamke aliyezama katika dhahabu, miviringo na michirizi, hata mtazamaji asiweze kutambua mahali nguo inapokomea na ukuta unapoanzia. Wapo wahakiki waliozisifu picha hizo kwa urembo wake na kwa mvuto wake wa kimwili. Wapo pia waliozishutumu kwa sababu zizo hizo. Swali linalozikabili pande zote mbili ni moja: pambo linapozidi, mwanamke mwenyewe hubakia wapi?

Swali hilo laweza kuulizwa nchini Kenya pia, na mahali panapofaa kuliulizia ni Isiolo. Katika mji huo aliishi Joy Adamson (1910–1980), ambaye ulimwengu unamkumbuka kwa sababu ya Elsa, yule simba jike aliyelelewa kuanzia mwaka 1956 na kusimuliwa katika kitabu cha Born Free cha mwaka 1960. Umaarufu wa Elsa umeifunika kazi iliyotangulia. Kabla ya simba huyo hajazaliwa, Joy Adamson alikuwa amekwisha kuchora picha zaidi ya 500 za watu wa Kenya, wake kwa waume, wakiwa katika mavazi na mapambo ya jadi zao. Wanawake wana nafasi kubwa miongoni mwa picha hizo, na mapambo yao yamechorwa kwa uangalifu ambao ni nadra kuonekana katika kazi za wachoraji wa kigeni wa wakati ule.

Makala haya yanajadili namna ya kuzithamini picha hizo. Hoja yake kuu ni kwamba uzuri wake una watunzi wawili: mchoraji aliyeshika brashi, na mwanamke aliyejipamba kabla brashi haijachovywa katika rangi. Historia imemtambua mtunzi wa kwanza na kumsahau wa pili. Maadamu hali ni hiyo, anayezisifu picha hizo atakuwa anasifu nusu tu ya kazi, na anayezishutumu atakuwa anashutumu nusu tu.

Kutoka Vienna hadi Isiolo

Joy Adamson alizaliwa tarehe 20 Januari 1910 katika mji wa Troppau, ambao wakati huo ulikuwa ndani ya dola ya Austria na Hungaria, na ambao leo unaitwa Opava katika nchi ya Ucheki. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Friederike Victoria Gessner. Baada ya wazazi wake kutengana, alikwenda kulelewa na bibi yake mjini Vienna. Huko alijifunza muziki, akajaribu pia uchongaji. Klimt alifariki Joy akiwa na umri wa miaka minane tu, na makala haya hayadai kwamba mmoja alikuwa mwanafunzi wa mwingine. Linalofaa kuzingatiwa ni kwamba Vienna ya ujana wake ulikuwa mji ambao sanaa ya pambo ilikuwa imepewa hadhi kubwa, na ambao hoja ya iwapo pambo ni uzuri au ni upuuzi ilikuwa imejadiliwa kwa ukali na wasanii na wajenzi wake.

Aliwasili Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1937. Mwaka uliofuata aliolewa na Peter Bally, mtaalamu wa mimea kutoka Uswisi, ambaye ndiye aliyempa jina la Joy. Bally alifanya kazi ya elimu ya mimea katika Makumbusho ya Coryndon jijini Nairobi, na Joy akaanza kuyachora maua ya Afrika Mashariki kwa ajili ya vitabu na kumbukumbu za kisayansi. Kazi hiyo ilimpatia medali ya dhahabu ya Grenfell kutoka Chama cha Kifalme cha Bustani cha Uingereza mwaka 1947. Tukio hili si la kupuuzwa na mhakiki, kwani mkono uliokuja kuchora shanga ulikuwa umefunzwa kwanza kuchora petali. Mchoraji wa mimea hufundishwa kutoongeza wala kupunguza, kuhesabu kila jani, na kuliweka ua peke yake juu ya karatasi nyeupe ili litambulike bila ya shaka yoyote.

Mwaka 1944 aliolewa na George Adamson, aliyekuwa Bwana Nyama wa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini. Makao ya kazi ya George yalikuwa Isiolo, mji ulio kaskazini mwa Mlima Kenya, mahali nyanda za juu zinapoteremka na kuiachia nafasi nchi ya ukame. Mji huo ulikuwa lango. Aliyetoka Nairobi kwenda Marsabit au Moyale alipitia hapo. Wakazi wake walikuwa Waborana, Wasamburu, Waturkana, Wameru na Wasomali, wakiwamo Wasomali waliopewa makazi huko baada ya kutumikia katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Kwa mwenye jicho la kutazama mapambo, ni sehemu chache za Kenya zilizoweza kulikutanisha soko moja na lugha nyingi za shingo, masikio na nywele kama Isiolo.

Agizo la mwaka 1949

Mwaka 1949 serikali ya kikoloni ilimwagiza Joy Adamson azichore jamii mbalimbali za Kenya zikiwa katika mavazi yao ya jadi, kwa hoja kwamba mila hizo zilikuwa zikitoweka. Aliishughulikia kazi hiyo hadi katikati ya miaka ya 1950, akisafiri kutoka pwani hadi ziwani na kutoka nyanda za juu hadi kaskazini. Picha hizo zikawa mali ya makumbusho yaliyokuja kuwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na baadhi yake zikatundikwa Ikulu. Mwaka 1967 nyingi zilichapishwa katika kitabu chake The Peoples of Kenya, wakati mwandishi wake alikuwa amekwisha kujulikana kote duniani kama mama wa Elsa.

Agizo hilo lina kinzano ndani yake. Serikali iliyosikitika kwamba mila zinatoweka ndiyo iliyokuwa imezikata njia za kale za watu hao. Kwa sheria za mwaka 1902 na 1934, eneo la kaskazini lilifungwa. Mtu hakuruhusiwa kuingia wala kutoka bila kibali, na malisho yaligawanywa kwa mipaka ya kabila. Makabila ambayo kwa karne nyingi yalikuwa yakioana, yakipigana na kuuziana mifugo, yaliandikwa katika daftari kama visanduku vilivyotengana. Mchoraji alipoagizwa achore kila kabila peke yake, alikuwa akifuata mpango uliokwisha kuchorwa na afisa wa wilaya. Aidha, kazi hiyo ilikuwa ikiendelea wakati Hali ya Hatari ilipotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Kenya iliyomo katika picha hizo ni nchi iliyotulia, isiyo na kambi wala risasi.

Mbinu ya mchoraji wa mimea ilikubaliana vizuri mno na agizo hilo. Watu wake wengi wamesimama au kuketi mbele ya uwanda mtupu wa karatasi. Hamna nyumba, hamna mbuzi, hamna jirani, hamna barabara ya vumbi ya Isiolo. Mwanamke ametolewa katika mazingira yake kama ua lililochumwa. Chini yake, aghalabu, hutajwa kabila, rika na hadhi: mke wa jamii fulani, msichana wa jamii fulani. Kitambulisho cha namna hiyo ndicho kinachowekwa chini ya mmea.

Yapo basi mashtaka mazito dhidi ya picha hizi, na utetezi wa haraka hautafaa. Mwanamke wa Isiolo aliyekuwa amesilimu na kujifunga leso, au yule aliyezaliwa na baba wa jamii moja na mama wa jamii nyingine, hakuwa na mahali pa wazi katika agizo lililotaka jadi isiyochanganyika. Mtazamaji wa leo anayezitumia picha hizo kama picha kamili ya Kenya ya miaka ya 1950 atapotoka. Hata hivyo, mashtaka hayo yanamhusu mwagizaji na mpango wake. Yaliyomo ndani ya mchoro wenyewe yanadai kusomwa kwa njia nyingine.

Pambo kama lugha

Msomaji wa fasihi simulizi anafahamu kwamba si kila matini huandikwa kwa wino. Mapambo ya wanawake wa kaskazini mwa Kenya ni matini ya namna hiyo. Yana msamiati, yana sarufi, na yana hadhira inayojua kuyasoma. Mifano michache yatosha.

Mwanamke wa Kirendille aliyejifungua mtoto wa kwanza wa kiume alitengenezewa nywele zake kwa udongo, mafuta na ngeu hadi zikasimama kama upanga wa jogoo. Mtindo huo huitwa doko. Mwenye doko hakuwa na haja ya kueleza kwamba yeye ni mama wa mwana. Kichwa chake kilikwisha kusema. Doko iliondolewa wakati wa msiba, mume au jamaa wa karibu wa kiume alipofariki, na hapo kichwa kilichonyolewa kikasimulia habari nyingine. Kwa hivyo, mchoraji aliyeichora doko kwa usahihi alikuwa akinakili sura moja ya wasifu wa mwanamke yule.

Miongoni mwa Wasamburu, mke aliyeolewa alitambulikana kwa mkufu mzito uitwao mporro, uliofumwa kwa nyuzi za mkoma au kwa singa za mkia wa twiga na kutiwa shanga kubwa nyekundu. Mwanamke wa Kiturkana alipandisha shingoni mwake tabaka juu ya tabaka za shanga, na vazi la mbele la msichana likapambwa kwa vipande vidogo vya ganda la yai la mbuni, vilivyosuguliwa mmoja mmoja mpaka vikawa duara. Wanawake wa Kiborana walijulikana kwa mikufu ya aluminiamu, madini ambayo mafundi waliyapata kwa kuyeyusha na kufua sufuria kuukuu. Katika mifano yote hii, kitu kinachopendeza macho kina maana kwa anayekielewa, na maana hiyo haikuwekwa na mchoraji.

Hapa ndipo usahihi wa Joy Adamson unapopata thamani yake. Mchoraji mwenye mkono mlegevu, anayetafuta athari tu, angeipaka shingo ya mwanamke wa Kisamburu rangi nyekundu kwa mfyagio mmoja wa brashi na kuliita pambo. Kwa kufanya hivyo angeifuta matini. Yeye, kwa kuwa alizoea kuhesabu petali, alizifuatilia shanga mstari kwa mstari, akatofautisha kitanzi cha chuma na cha shanga, ngozi iliyopakwa ngeu na ngozi isiyopakwa. Yawezekana hakujua kila kilichosemwa na mapambo hayo. Lakini aliyanakili kwa uaminifu wa karani anayenakili hati asiyoielewa lugha yake, na hati ikahifadhika kwa ajili ya wanaoielewa.

Ni lazima pia kulizungumzia suala la mvuto wa kimwili, kwa maana picha hizi zinao. Mabega ya wanawake yako wazi, na vifua vya baadhi yao vi wazi vilevile. Ngozi inang'aa kwa mafuta. Mtazamaji aliyelelewa katika desturi za Ulaya, au katika desturi za mwambao wa Uislamu, huenda akauona uchi mahali ambapo mwenye picha aliona vazi kamili. Kwa mwanamke aliyevaa kilo kadhaa za shanga na ngeu, kuvuliwa shanga ndiko kuwa uchi. Mchoraji hakumlegeza wala kumlaza kitandani kama ilivyokuwa desturi ya wachoraji wengi wa Ulaya walipochora wanawake wa nchi za mbali. Amemweka wima, uso umetulia, na aghalabu macho yake hayamtafuti mtazamaji. Mvuto upo, lakini unaandamana na heshima.

Hata hivyo, kulisifu pambo bila kuuliza limepatikana vipi ni kosa jingine. Katika jamii ya Wasamburu, moran aliweza kumvisha msichana shanga nyingi nyekundu, na kwa tendo hilo uhusiano wa kimwili baina yao ukakubalika, ilhali ndoa baina yao haikuruhusiwa kwa kuwa walitoka ukoo mmoja. Katika miaka ya karibuni wanawake wa Kisamburu wenyewe wamekuwa mstari wa mbele kuipinga desturi hiyo kwa sababu ya madhara yake kwa watoto wa kike. Shanga zilezile zilizomfurahisha mchoraji, na zinazomfurahisha mtalii, zaweza kuwa zimebeba uchungu wa mtoto. Uhakiki unaostahili jina hilo hauna budi kuyashika mambo yote mawili: uzuri wa pambo na gharama yake. Mwenye haki ya kwanza ya kuyapima ni yule aliyelivaa.

Safari ya ushanga

Lipo jambo moja katika historia ya mapambo haya ambalo linaibadilisha hadithi nzima ya mchoraji mgeni na jadi isiyoguswa. Shanga za kioo hazikuzaliwa Samburu wala Turkana. Kwa muda mrefu zilitengenezwa Venice, na kuanzia karne ya 19 kwa wingi pia katika karakana za Bohemia, hasa katika mji wa Jablonec na vitongoji vyake. Zilisafirishwa kwa meli hadi Unguja na Mombasa, na kutoka huko misafara ya wafanyabiashara wa Kiswahili, wa Kiarabu na wa Kisomali ikazipeleka bara pamoja na nguo na nyaya za shaba, ikarudi na pembe za ndovu. Wafanyabiashara wa misafara walifahamu vyema kwamba wanawake wa bara ndio waliokuwa waamuzi wa biashara hiyo. Rangi iliyopendwa mwaka mmoja iliweza kukataliwa mwaka uliofuata, na mzigo mzima ukarudi pwani bila mnunuzi.

Bohemia na Silesia, alikozaliwa Joy Adamson, zilikuwa nchi zilizo chini ya mfalme mmoja, na leo mji wa Jablonec na mji wa Opava imo katika nchi moja ya Ucheki. Kwa hiyo, mchoraji alipoketi mbele ya mwanamke wa Isiolo ili kuandika kumbukumbu ya jadi iliyodhaniwa kuwa ya kale isiyo na mwanzo, huenda aliitazama kazi ya viwanda vya kwao. Mgeni na ushanga walikuwa wametoka upande mmoja wa dunia. Tofauti ni kwamba ushanga ulitangulia, ukajifunza lugha ya wenyeji.

Ukweli huu hauipunguzii jadi hadhi yake. Unaonyesha badala yake kwamba jadi ilikuwa kazi ya akili hai. Kiwanda kilitoa punje ya kioo isiyo na maana. Maana ya ndoa, ya uzazi, ya rika na ya msiba ilitiwa na wanawake waliozitunga punje hizo katika uzi. Walichagua, walikataa, walipanga, walibuni. Hata aluminiamu ya sufuria, ambayo kwa macho ya mwagizaji wa mwaka 1949 ingeonekana kuwa dalili ya mila kuharibika, kwa mwanamke wa Kiborana ilikuwa malighafi mpya ya sanaa ya zamani. Dhana kwamba desturi hizo zilikuwa zikifa kwa kuguswa na bidhaa za kigeni ilikuwa dhana ya mtu asiyejua kwamba zilikuwa zimejengwa kwa bidhaa za kigeni tangu siku nyingi.

Klimt, Mwana Manga na Mwana Kupona

Sasa yawezekana kurudi kwenye ulinganishi uliofungulia makala haya. Klimt alikuwa mwana wa mchongaji wa dhahabu. Mwaka 1903 alizuru Ravenna nchini Italia, akaziona nakshi za vigae za makanisa ya kale, na kutoka huko, na pia katika sanaa ya Misri, alichota maumbo aliyoyarundika juu ya wanawake wa matajiri wa Vienna. Dhahabu iliyomfunika Adele Bloch-Bauer ilibandikwa na mchoraji. Ni kweli kwamba mwenzi wake Klimt, Emilie Flöge, alikuwa mbunifu wa mavazi aliyefungua duka la ushonaji pamoja na dada zake mwaka 1904, na kwamba mkono wa mwanamke haukukosekana kabisa katika ulimwengu ule wa mapambo. Hata hivyo, katika turubai neno la mwisho lilikuwa la Klimt. Pambo lilikuwa ndoto yake kuhusu mwanamke.

Fasihi ya Kiswahili inazo njia zake za kuieleza tofauti hii. Katika ushairi wa sifa, kama ule wa Sifa la Mwana Manga unaohusishwa na Fumo Liyongo, mshairi mwanamume humchukua mwanamke kiungo kwa kiungo, akakisifu kila kimoja kwa tashbihi iliyo teule. Mwanamke anayesifiwa hasemi. Uzuri wake ni kazi ya ulimi wa msifu, kama uzuri wa Adele ulivyo kazi ya brashi ya Klimt. Kwa upande mwingine kuna Utenzi wa Mwana Kupona, uliotungwa yapata mwaka 1858 na Mwana Kupona binti Msham kwa ajili ya bintiye. Humo pia kuna mapambo, manukato na vito, lakini anayeyataja ni mwanamke anayejua yanavyovaliwa, wakati gani na kwa nini. Wapo wahakiki wanaouona utenzi huo kuwa ni somo la utii kwa mume, na wapo wanaoona ndani yake hekima ya mwanamke anayeitumia nafasi aliyopewa. Pande zote mbili zitakubali kwamba pambo la Mwana Kupona lina mtunzi wake, na mtunzi huyo ni mwanamke.

Picha za Joy Adamson zimesimama baina ya mifano hii miwili. Kwa nje zinafanana na sifa: mgeni mwenye mamlaka ya serikali nyuma yake anamtazama mwanamke asiyesema, na jina la mwanamke aghalabu halihifadhiwi. Kwa ndani, hata hivyo, zimebeba wosia. Kwa sababu mchoraji hakulibuni pambo, na kwa sababu alilinakili bila kulilegeza, sauti ya mwanamke imepenya ndani ya karatasi kupitia shanga zake. Yule aliyenyimwa jina chini ya picha amejitaja mwenyewe shingoni na kichwani: mimi ni mke, mimi ni mama wa mwana wa kwanza, mimi ni binti wa rika fulani. Jina pekee ndilo halikuweza kuandikwa kwa shanga.

Tofauti nyingine inahusu uwanda wa picha. Dhahabu ya Klimt na karatasi tupu ya Adamson zinafanya kazi moja ya kumwondoa mwanamke mahali pake. Lakini dhahabu humeza, na weupe huacha wazi. Katika picha ya Vienna macho huzama. Katika picha ya Isiolo macho huelekezwa kwenye mpaka, pale rangi ya mwisho ya shanga inapokutana na utupu, na mtazamaji akalazimika kuuliza ni nini kilichoachwa nje. Utupu huo ulikusudiwa na elimu ya mimea. Kwa msomaji wa leo umekuwa nafasi ya kuandikia.

Hitimisho

Joy Adamson aliuawa tarehe 3 Januari 1980 katika Hifadhi ya Shaba, kaskazini-mashariki mwa mji wa Isiolo, alikokuwa akifanya kazi na chui. Magazeti ya ulimwengu yalimwombolezea kama rafiki wa wanyama. Ilikuwa haki kufanya hivyo, lakini iliyoombolezwa ilikuwa sehemu moja tu ya maisha yake. Sehemu nyingine imo katika makumbusho ya Nairobi, katika nyuso zilizochorwa kabla simba hajaingia katika hadithi.

Kuzithamini picha hizo hakuhitaji kuusamehe mpango wa kikoloni uliozizaa, wala hakuhitaji kuzikataa kwa sababu ya mpango huo. Kunahitaji kuzisoma kwa macho yanayotambua mikono miwili. Mkono mmoja ulichovya brashi katika rangi za maji na kufuata. Mkono mwingine ulichagua punje, ukazitunga katika uzi wa mkoma, ukapaka ngeu, ukaamua nini kionekane na nini kifichwe. Mchoraji alikuwa na ustadi; mwanamke aliyeketi mbele yake alikuwa na utunzi.

Liko jambo ambalo bado laweza kutendwa. Waliojua kuzisoma shanga za miaka ya 1950 wanazidi kupungua, na baadhi ya mitindo iliyochorwa imekwisha kuachwa, mingine kwa hiari na mingine kwa sababu njema. Picha hizi zikirudishwa mbele ya wazee wa Isiolo, wa Samburu, wa Marsabit na wa Turkana, hasa wanawake, yale ambayo kumbukumbu za makumbusho zimeyaandika kwa neno moja la kabila yataweza kuandikwa kwa sentensi nzima. Huenda katika mkutano wa namna hiyo mtu akamtambua nyanya yake. Siku hiyo picha moja itakuwa imepata jina lake la pili.